Tabaka Moja kwa Zamu Moja: Itikadi Isiyohimili Hesabu

Wanafunzi wa elimu ya tando nyembamba, na aghalabu walimu wao, na karibu wote wauzao mitambo ya kuzitengenezea, wamekubaliana juu ya jambo moja kwa utulivu ambao jambo lenyewe halikuustahili: kwamba utando wa oksidi unaooteshwa kwa mivuke miwili inayopishana kwa zamu, mmoja wa kampaundi ya metali na kaboni na mwingine wa maji, hukua tabaka moja kamili la atomi kwa kila zamu, tabaka lisilopungua wala kuzidi, kwamba maadamu zamu zimehesabiwa, unene wa utando umekwisha julikana, na kwamba kile kinachopakwa, kiwe silikoni, platini au plastiki, si kitu ila mahali pa kuwekea. Nakusudia kuonyesha kwamba itikadi hii imebeba kosa la hesabu tangu kuzaliwa kwake, na kwamba kosa hilo limezaa mengine mabaya kuliko lenyewe, kwa kuwa limewazoeza watu kuuuliza mtambo maswali ambayo jawabu lake liko kwenye uso wa kitu kinachopakwa.

Wala asidhani msomaji kwamba haya ni malumbano ya wanazuoni waliojifungia maabarani. Balbu ya LED imulikayo ukumbi wa nyumba ya Lamu, au kibanda cha chipsi mjini Kigoma, ina moyo uliooteshwa kwa mvuke wa kampaundi ya galiamu na methili ukikutana na amonia juu ya uso wa moto. Na ndani ya simu iliyo mfukoni mwa msomaji mna tando za oksidi nyembamba kiasi kwamba maelfu yake yakirundikwa hayafikii unene wa unywele mmoja. Kitu kilichoingia katika maisha ya watu kwa kadiri hiyo chastahili kuelezwa kama kilivyo.

Si waasisi ninaowalaumu. Huko Leningrad, katika miaka ya 1960, Valentin Aleskovskii na Stanislav Koltsov walichunguza jinsi kloridi za metali zinavyojibizana na vikundi vya haidroksili vilivyo juu ya silika, na kwao kikundi cha uso ndicho kilichokuwa maudhui yenyewe ya elimu yao. Harold Manasevit wa Marekani, aliyeonyesha mwaka 1968 kwamba galiamu na aseniki zaweza kuoteshwa zikiwa fuwele moja kutokana na mvuke wa kampaundi ya metali na kaboni, alikuwa mtu wa vitendo asiyetoa ahadi asizoweza kuzitimiza. Naye Tuomo Suntola wa Finland, aliyeianzisha njia ya zamu mwaka 1974 kwa ajili ya viwambo vya zinki na salfa vyenye kutoa nuru, alihitaji utando usio na matundu, akaupata. Kosa liliingia baadaye, pale elimu yao ilipofupishwa ikawa picha ya kuwafundishia wanaoanza: safu ya mipira myekundu, juu yake safu ya mipira ya buluu, kisha myekundu tena, hadi juu. Picha hiyo ilipendwa kwa uzuri wake, na kilichokuwa ufupisho kikageuka itikadi.

Na tuchukue mfano uliochunguzwa kuliko yote, ule wa oksidi ya alumini itokanayo na trimethili-alumini na maji, tuutazame kwa karibu. Trimethili-alumini ni kiowevu kisicho na rangi, kinachowaka moto chenyewe mara kikutanapo na hewa, na kwa sababu hiyo hukaa ndani ya chupa ya chuma cha pua iliyofungwa kwa vali. Vali ikifunguliwa kwa sehemu ndogo ya sekunde, mvuke wake huingia katika chumba kilichoondolewa hewa, chenye joto la nyuzi 200 hivi, ambamo pamelazwa kipande cha silikoni kilichofunikwa kwa haidroksili, yaani atomi za oksijeni zilizoshikwa na uso kwa upande mmoja huku zimeshika haidrojeni kwa upande wa pili. Alumini iliyomo katika molekuli hiyo ina upungufu wa elektroni, nayo oksijeni inazo za ziada. Basi alumini huikamata oksijeni, na haidrojeni iliyokuwa imeshikwa na oksijeni huhamia kwenye methili mojawapo kati ya zile tatu, zikaondoka pamoja zikiwa gesi ya methani. Alumini imekwisha fungwa usoni, ikiwa na methili mbili juu yake. Ikipata haidroksili ya pili jirani, hupoteza methili nyingine na kubaki na moja. Baada ya hapo gesi ya naitrojeni hupitishwa ili kufagia mabaki, mvuke wa maji huingizwa, na kila molekuli ya maji hung'oa methili moja na kuacha haidroksili mpya mahali pake. Naitrojeni tena, na zamu imekwisha.

Sasa tuhesabu, kwa kuwa itikadi ya tabaka moja ni nadra sana kuhesabiwa na wale wanaoihubiri. Methili si nukta. Ina upana wa karibu nanomita 0.4, na hata zikibanwa namna gani haziwezi kuzidi saba hivi katika nanomita moja ya mraba. Vipimo vinaonyesha kwamba uso ulioshiba trimethili-alumini hubeba methili tano hadi sita katika eneo hilo, na hapo nafasi imekwisha. Kila alumini ilikuja na methili tatu, na kila methili iliyokosekana iliondoka na haidrojeni ya haidroksili moja. Kwa hiyo methili zilizobaki, zikijumlishwa na haidroksili zilizotumika, sharti ziwe mara tatu ya idadi ya alumini. Weka methili sita na haidroksili sita: jumla ni 12, na alumini ni nne. Lakini tabaka moja kamili la oksidi hii lahitaji alumini zaidi ya 12 katika nanomita hiyo hiyo ya mraba, na ili zipatikane kwa dozi moja, ingebidi uso ubebe methili 18 mahali pasipotosha hata nane. Ndiyo maana zamu moja huongeza nanomita 0.1 hivi, ambayo haifikii hata thuluthi ya tabaka. Mkeka hauchukui wageni kwa hesabu ya vichwa vyao bali kwa mapana ya majoho yao, na methili ndizo majoho ya alumini hii. Msingi wa hesabu yenyewe umewekwa bayana na Bibi Riikka Puurunen wa Finland katika makala yake marefu ya mwaka 2005 kwenye Journal of Applied Physics, na mwenye kazi hii asiyeijua hadi leo, hajui kwa hiari yake.

Mwenye kutaka ithibati ya mzani anayo pia. Jiwe la kwatzi linalotetemeka kwa umeme hubadili kasi ya mtetemo wake kila uzito unapoongezeka juu yake, hata uwe uzito wa sehemu tu ya tabaka, na maabara nyingi huliweka ndani ya chumba cha kuoteshea ili lisome kila dozi. Trimethili-alumini ina uzito wa 72 kwa kipimo cha molekuli. Ikipoteza kwa wastani methani moja na nusu, ambayo kila moja ina uzito wa 16, uso umeongezewa 48. Maji yanapong'oa methili yenye uzito wa 15 na kuacha haidroksili yenye uzito wa 17, huongeza mbili tu kwa kila methili, yaani tatu kwa methili moja na nusu. Arobaini na nane na tatu ni 51, nayo ni nusu kamili ya 102, ambao ndio uzito wa oksidi ya alumini yenyewe. Laiti ile picha ya mipira ingekuwa kweli, dozi ya kwanza ingeleta alumini peke yake yenye uzito wa 27, na dozi ya maji ingeleta 24 za oksijeni, karibu sawa kwa sawa. Bali jiwe hupanda ngazi ndefu alumini inapoingia, na maji yanapoingia karibu halitikisiki. Tofauti hiyo yote ni uzito wa methili, zile zile ambazo picha ya mipira haikuzichora.

Wapo wanaojibu kwa upole kwamba, kama ni hivyo, basi na tuseme tabaka moja kwa zamu tatu au nne, na mambo yaishe. Hayaishi, kwa kuwa idadi ya haidroksili si amana iliyowekwa milele. Uso ukizidi kupashwa moto, haidroksili mbili zilizo jirani hutoa molekuli moja ya maji na kuacha daraja la oksijeni, na uso hukauka. Badala ya haidroksili sita zikawa tatu, jumla yetu ikashuka kutoka 12 hadi tisa, na alumini kutoka nne hadi tatu, ilhali vali ni ile ile na muda wa dozi ni ule ule. Vitabu vya kufundishia huchora mstari ulionyooka na kuuita dirisha la halijoto, ambamo eti ukuaji haubadiliki. Na mfano huu, ambao ndio mama wa mifano yote, hauna dirisha la namna hiyo, kwa kuwa ukuaji wake hupungua kidogo kidogo kadiri joto linavyopanda juu ya nyuzi 200. Isitoshe, zile alumini nne hazijipangi safu moja ili zamu ijayo ijaze mapengo kwa utaratibu. Hutua kila moja pale ilipopata haidroksili na nafasi, na utando unaotokea hauna mpango wa fuwele hata kidogo.

Nageukia sasa dai ambalo ni zito zaidi, na ambalo watetezi wake ni watu ninaowaheshimu. Wao husema: hata kama tabaka si kamili, majibizano hujikomesha yenyewe, na kujikomesha maana yake ni kukamilika, ngoja tu muda wa kutosha, na kila kilichoweza kujibu kitakuwa kimejibu. Nakiri kwamba kujikomesha ni jambo la kweli, na ndilo lililoipa njia hii fahari yake, kwa kuwa kwa sababu hiyo mvuke huweza kupaka ndani ya shimo jembamba lenye kina kirefu sawasawa na mdomoni pake. Ila kukoma si kukamilika. Chukua joto la chini, nyuzi 100 au pungufu, ambalo hutumika pale kinachopakwa ni plastiki isiyostahimili moto. Mwaka 2016 V. Vandalon na W. M. M. Kessels wa Eindhoven, wakiutazama uso kwa miale ya leza ambayo huona vikundi vya usoni peke yake, walikuta kwamba sehemu ya methili hubaki palepale baada ya dozi ya maji, na kuongeza muda wa maji hakuziondoi. Hapana saa ya kungoja itakayozishawishi. Maelezo yanayokubaliana na mahesabu ya nadharia ni haya: maji huing'oa methili kwa wepesi pale palipo na haidroksili na molekuli nyingine za maji jirani za kusaidia, na methili iliyobaki pweke haipati msaada huo. Kwa hiyo uso umekoma bila kukamilika, na aliyesoma mstari wake wa kushiba ukiwa umelala sawasawa akadhani kazi imekwisha, amesoma ukimya wa aliyechoka akadhani ni ridhaa.

Na matokeo yake si ya kwenye karatasi tu. Watu wa Boulder, Colorado, katika kundi la Steven George, walipima densiti ya oksidi ya alumini iliyooteshwa kwa nyuzi 177 wakapata gramu 3.0 kwa sentimita moja ya ujazo. Walipoiotesha kwa nyuzi 33, walipata gramu 2.5. Tando zote mbili zimetoka katika chupa moja, kwa vali moja, na kila moja imepita mtihani wa kujikomesha. Jina moja, unene ule ule ukipenda, na ndani yake vitu viwili mbalimbali, kimoja kikiwa na haidrojeni nyingi kuliko kingine. Yule anayeuziwa utando kwa hesabu ya zamu, aufunikie kitu kisichotakiwa kuguswa na unyevu, na aulize kwanza umeota kwa joto gani.

Katika kuchagua kitangulizi chenyewe, yaani kampaundi iletayo metali, kosa hili limefanya madhara ya kimyakimya. Maadamu uso haujali, husema wao, molekuli bora ni ile inayotoa mvuke kwa urahisi, isiyoharibika chupani, na ya bei nafuu. Sipingi kwamba molekuli isiyofika haiwezi kufanya lolote. Lakini wajuzi wa galiamu na aseniki walikwisha jifunza zamani kwamba jambo kubwa ni namna mkono wa kikaboni unavyoachia metali. Mkono wa ethili unayo njia ya kuondoka kwa heshima: humpa galiamu haidrojeni yake moja na kwenda zake ukiwa ethini, gesi isiyong'ang'ania uso. Mkono wa methili hauna njia hiyo. Hungoja haidrojeni kutoka kwa mwingine, na usipoipata huacha kaboni yake ndani ya fuwele, ambapo kaboni hiyo hugeuza tabia ya umeme ya utando mzima. Ukiongeza alumini, ambayo kifungo chake na kaboni ni kigumu zaidi, taksiri huzidi. Mvuke wa trimethili ni mwingi na mzuri chupani, na bado si chupa inayoamua.

Platini ni mfano wa ajabu zaidi, nami hushangaa kwamba watetezi wa uso bubu huutaja bila kuona unavyowasuta. Watu wa Helsinki walionyesha mwaka 2003 kwamba kampaundi ya platini yenye methili na pete ya kaboni hutoa utando safi wa metali ikipishana na oksijeni ya kawaida kwa nyuzi 300, karibu nanomita 0.05 kwa zamu. Oksijeni hiyo isingeweza peke yake kuziunguza ligandi, yaani mikono hiyo ya kikaboni, kwa joto hilo. Ni platini iliyokwisha kuwako inayoipasua molekuli ya oksijeni kuwa atomi, na atomi hizo zilizobaki usoni huunguza sehemu ya ligandi za dozi ifuatayo mara zitakapofika. Yaani utando unajiotesha kwa msaada wa utando. Juu ya oksidi, ambapo platini bado haijawako, oksijeni haipasuki, na zamu nyingi za mwanzo hupita na kuacha visiwa vidogo vilivyotengana badala ya utando. Mtambo umehesabu zamu zake zote kwa uaminifu. Uso umehesabu zake mwenyewe.

Atainuka hapa mtu wa kiwanda, mwenye mikono iliyozoea kazi, aseme kwamba maneno haya yote ni mazuri, lakini tangu mwaka 2007, Intel ilipoingiza oksidi ya hafniamu katika vichakato vyake vya nanomita 45, viwanda vimetoa transista zisizo na idadi kwa njia ya zamu bila kungoja ruhusa ya wanakemia. Huyu namjibu kwa furaha, kwa kuwa kiwanda chake ni shahidi wangu. Oksidi ya hafniamu ikioteshwa moja kwa moja juu ya silikoni iliyosafishwa mpaka ikafunikwa na haidrojeni tupu, huanza kwa kusitasita, hapa ikiota na pale ikikataa, kwa sababu kifungo cha silikoni na haidrojeni hakiwapi wageni pa kushika. Wahandisi waliligundua hilo, wakaacha kwa makusudi tabaka jembamba la oksidi ya silikoni lenye haidroksili, na hafniamu ikaota sawasawa tangu zamu za mwanzo. Walilipa gharama kwa ajili ya tabaka hilo, kwa kuwa lilipunguza sehemu ya faida waliyoitafuta kwa hafniamu, na wakaona afadhali kulipa. Mtu anayeamini kwamba uso ni mahali pa kuwekea tu asingelipa hata senti moja.

Nimebakiza hoja moja, nami naiona kuwa ngumu kuliko zote kwa itikadi ninayoipinga. Kwa miongo mingi, transista za galiamu na aseniki za aina ile inayotegemea utando wa kuhami juu yake zilishindikana, kwa sababu kuu kwamba hewa huacha juu ya uso wa fuwele hiyo oksidi chafu za aseniki na galiamu zinazokamata elektroni. Watafiti walipoanza kuotesha oksidi ya alumini juu yake, katika miaka ya mwanzo ya karne hii, walikuta jambo ambalo hakuna kanuni ya mtambo iliyoliagiza: dozi ya kwanza ya trimethili-alumini, kabla ya tone lolote la maji kuingia, ilikuwa imekwisha ondoa sehemu kubwa ya oksidi za aseniki, ikiichukua oksijeni yao kwa ajili ya alumini yake. Haikuzimaliza zote, na kasoro zilizobaki zingali zinawahangaisha watu. Bali chini ya utando mpya palikuwa na uso tofauti na ule uliolazwa chumbani. Yule asemaye kwamba zamu ya kwanza imeongeza tabaka moja na atueleze, kwa hesabu ya mipira yake myekundu na ya buluu, ni mpira upi uliotoka.